Maruni Iliyokataa Kuwa Buluu

Laptop yangu haina Windows. Nalisema hilo mapema kwa sababu kitu chochote kikiharibika, hapo ndipo watu huanzia. Sauti ikichelewa nyuma ya picha, ni kwa sababu haina Windows. Betri ikikufa, ni hiyo Windows inayokosekana. Kuna wiki moja ya baridi nilipata homa, na jirani yetu wa mlango wa pili akauliza kama si hiyo kompyuta. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Niliinunua kwa mwanafunzi mmoja wa Kesses aliyekuwa amemaliza chuo huko na anauza vitu vya chumbani kabla ya kurudi kwao: godoro, jiko la gesi, na hii laptop. Ndani ilikuwa na Linux badala ya Windows, na ndani ya Linux kulikuwa na programu ya kuhariri video ambayo haitaki ulipe wala uombe mtu ruhusa. Alinionyesha jinsi ya kuifungua, akaniambia mengine nitajifunza kwa intaneti kama alivyojifunza yeye. Nikajifunza. Kiingereza cha intaneti nilikisoma polepole, neno nisilolijua nikiliruka kama dimbwi, na mara nyingi nilifika ng'ambo nikiwa mkavu.

Form Four nilimaliza na gredi ambayo mama huitaja kwa sauti ya chini. Mimi huitaja kwa sauti ya kawaida. Nataka kutengeneza filamu, na sijaona mahali pameandikwa kwamba mvua ya mawe ya Eldoret hukubali kupigwa picha na waliopata B pekee. Nikingoja siku hiyo, natengeneza video za harusi, za harambee na za mazishi. Zote tatu hunitoa machozi, hata ya harambee.

Mama yangu huuza nguo za mitumba za watoto. Siku za soko huenda Soy, siku nyingine hutandaza turubai yake kando ya barabara hapa kwetu Yamumbi. Alikuja Eldoret akiwa msichana, kutoka magharibi, kuchambua mahindi kwenye maghala. Hapo mjini alinipata mimi, na baba yangu akapata safari ambayo haijaisha.

Hiyo safari ndiyo iliyomfungia mama mlango kanisani. Kanisa letu ni dogo, la mabati, na lina desturi moja ambayo wanawake wake wanaishika kuliko hata nyimbo: mwanamke aliyefunga ndoa mbele ya madhabahu huvishwa kitambaa cha kichwa cha maruni. Ukikitazama ni kitambaa tu, kimeshonwa pembeni kwa uzi mweupe. Lakini mwenye kitambaa hukaa viti vya mbele. Mwenye kitambaa huingia na kikundi kwa nyumba yenye msiba, huongoza wimbo, na siku yake ikifika huzikwa nacho wenzake wakiimba. Asiye nacho hubaki jikoni. Mama amepika uji wa matanga ya watu wengi sana, na wenye vitambaa wakiinuka kuimba, yeye huwasikiliza kupitia moshi.

Mwaka jana mchungaji mpya aliwauliza akina mama mbele ya kila mtu ni wapi katika Biblia kitambaa kimetajwa. Walitafuta. Baada ya kutafuta na kukosa, walibishana kwa miezi, mwishowe wakainua mikono, na wengi wakakubali kwamba hata mwanamke anayelea watoto peke yake anaweza kuvishwa. Mama Mwenyekiti, anayeongoza kikundi cha akina mama, ndiye aliyekuja nyumbani kumwambia mama. Mama alimkaribisha chai, akamshukuru vizuri, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alianza kukunja nguo za mitumba zilizokuwa zimeshakunjwa.

Siku ya kuvishwa nilipewa kazi ya kupiga video. Sherehe ilifanyika nje, chini ya hema la turubai la buluu. Anayevishwa hupiga magoti, na yule mwenye kitambaa aliyesimama mkabala naye kwenye mstari ndiye humfunga. Kisha mpya husimama, hupita mstari wote akisalimia. Nilikuwa nimeweka simu yangu kwenye miguu yake mitatu nikiwa nimejipanga kama mtu wa kazi. Ilipofika zamu ya mama, machozi yakanijaa kabisa. Sikuona kitu. Niliiacha simu iendelee kuangalia kwa niaba yangu.

Nyumbani nilihamisha kila kitu kwenye laptop na kufuta simu ili ipate nafasi, maana simu yangu hujaa kama ghala la serikali. Nikafungua programu ya kuhariri. Kwenye lile dirisha ambalo hukuonyesha video unapoikata, kila mtu alikuwa wa buluu. Vitambaa vilikuwa buluu. Nyuso zilikuwa za rangi ya jivu la buluu, kama za watu waliokaa sana kwenye maji. Nyasi peke yake ndiyo ilikuwa sawa.

Nikacheka. Nikasema ni lile turubai. Jua limepita kwenye hema la buluu, limemwagikia watu, na simu imechanganyikiwa. Ilikuwa hoja nzuri, na nilijisikia fundi wa mwanga; kwa nini turubai lenyewe lilionekana jekundu sikujiuliza. Nikapekua humo ndani ya programu hadi nikapata kitu kinachobadilishanisha nyekundu na buluu: yenye ilikuwa nyekundu inakwenda kwa buluu, yenye ilikuwa buluu inarudi kwa nyekundu. Nikakiwekea video nzima. Papo hapo vitambaa vikawa maruni na nyuso zikarudi kuwa za watu. Nikajipigia makofi. Niliitoa kazi yote kuwa faili moja, nikaiangalia tena humo humo ndani ya programu, ikapendeza, nikaiweka kwa flashi.

Hapa lazima nieleze kitu, la sivyo mgeni hataelewa kwa nini rangi ilileta vita. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa lingine la mabati. Hao walikuwa wetu. Walitoka kwa ugomvi wa nani awe anabeba funguo, wakajenga lao mahali ambapo tunasikia ngoma zao na wao wanasikia zetu. Na wanawake wao, kwa makusudi, walichagua vitambaa vya buluu.

Mama Mwenyekiti alialika kamati nyumbani kwake waitazame video kabla ya kuionyesha kanisani Jumapili. Sebule ilijaa. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, na viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma ambavyo unaogopa kuviegemea. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, kwa mazoea tu, na kitambaa chake kipya kichwani. Niliingiza flashi kwenye televisheni.

Wote wakatokea na vitambaa vya buluu. Nyuso zao pia.

Nilitazama flashi kana kwamba kuna mtu amenibadilishia njiani. Kisha mama mweka hazina, ambaye wakati wa kura mkono wake ulikuwa umebaki mapajani, akaweka kikombe chini.

"Mama Mwenyekiti, hawa ni sisi ama ni watu wametolewa mtoni?"

Kuna waliocheka. Hata mimi, kama haingekuwa kazi yangu, ningecheka. Lakini hakuishia hapo.

"Tumeingiza mmoja tu ambaye hajaolewa," akasema, "na tazameni, sote tumegeuka buluu."

Hiyo nayo ilichekwa, lakini kwa namna nyingine, na kulikuwa na waliotazama chini. Mama alitabasamu. Lile tabasamu nalijua, ni lile analompa mteja aliyeshusha bei mpaka ikawa matusi.

Mama mweka hazina alieleza kwamba mpwa wake ana studio mjini, yenye kompyuta halisi. Apewe video zote azitengeneze upya, na kwa vile ni ndefu, akate ile sehemu ya mwisho. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya mama. Mama alikuwa wa mwisho kuvishwa.

Nikasema sikati. Sikupanga kusema, ilitoka. Nikaongeza "mama" kwa heshima, ikawa "Sikati, mama," lakini ilikuwa imeshasikika.

Mama Mwenyekiti ni mtu wa kupima. Aliniambia video ya watu wa buluu haitaonyeshwa katika kanisa lile, hiyo hata mimi najua. Nikileta yenye rangi sawa kufikia Jumapili asubuhi, itaonyeshwa yangu, nzima. Nikishindwa, nimpe yule kijana wa studio vitu vyote, na atakata atakachoambiwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, matope yakitushika viatu. Mama huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake.

"Mama, wacha wakate," akaniambia. "Kitambaa kiko kichwani. Cha kwenye televisheni ni cha nini?"

"Ni cha wale hawakuwa pale."

"Kichwa ngumu."

"Nilikitoa wapi?"

Hatua zake zilipungua ukali.

Asubuhi iliyofuata niliibeba laptop hadi mjini kwa fundi wa kompyuta ambaye hukaa ndani ya duka la simu, nyuma ya pazia. Ni mtu mwema. Aliitazama, akaona ngwini, yule ndege wa nembo ya Linux, aliyebandikwa kwenye kifuniko, akatikisa kichwa kama daktari.

"Siste, hii Linux ni ya watu wa Kesses. Wacha nikuwekee Windows, uishi kama watu."

Nikamuuliza video zangu zitaenda wapi. Akasema lazima afute kila kitu, lakini kwanza atazihamisha kwa kompyuta yake, nisiwe na wasiwasi. Nilikuwa na wasiwasi. Mama hakuwa mahali pengine popote isipokuwa mle ndani. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na aliyekuwa akiniambia hivyo ni mtu anayekula kwa kazi hiyo, nami najulikana kwa kuruka maneno. Nikakubali ahamishe moja kwanza, tuone kama imefika salama.

Alihamisha ile ya mwisho. Akaibonyeza ifunguke kwenye kompyuta yake, na pale kwenye kioo chake chenye vumbi, mama yangu alikuwa amepiga magoti na kitambaa chake kilikuwa maruni. Maruni yenyewe. Turubai juu yao lilikuwa buluu, mahali pake, halijamwagikia mtu.

"Si nilikuambia?" fundi akasema. "Windows."

Nilitaka kumwamini. Ingekuwa rahisi. Lakini kitu kilikuwa kinanisumbua: alikuwa hajarekebisha chochote, alikuwa amefungua tu. Nikamwomba aningoje. Nikawasha laptop yangu hapo hapo juu ya kaunta yake, na safari hii sikufungua programu ya kuhariri. Niliifungua ile ile video kwa programu ya kawaida ya kutazamia sinema, iliyo humo humo kwenye Linux.

Kitambaa kilikuwa maruni.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kaunta. Simu haikuchanganyikiwa. Turubai halikumwaga kitu. Linux haikuwa na shida, wala video zangu. Lilikuwa ni lile dirisha moja tu, dirisha la kutazamia ndani ya programu ya kuhariri, lililokuwa linanionyesha nyekundu mahali pa buluu na buluu mahali pa nyekundu. Mimi nikaliamini, nikageuza video nzima ili ilingane na uongo wake. Ndiyo maana kila nilipoangalia humo ndani ilipendeza, na kila mahali pengine wakawa watu wa mtoni. Rangi zilikuwa sawa tangu mwanzo. Niliziharibu mimi kwa kuzitengeneza.

Nikafunga laptop. Fundi akauliza kama tunaendelea.

"Hapana," nikasema. "Hii si mgonjwa. Imeangaliwa vibaya."

Akaniambia nitarudi. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayekuachia mlango wazi, na akakataa nimlipe kwa kuhamisha video moja. Lakini nilipokuwa natoka kwenye pazia lake nilijua kwamba hata kama itanibidi kurudi kwa kitu kingine, kwa hili sirudi. Watu wengi sana walikuwa wameniambia nifute nianze upya. Mama pia aliambiwa hivyo: arudi kwao, atafute mzee yeyote wa kumuoa, aanze upya. Hakuanza upya. Aliendelea pale alipokuwa.

Mchana ule mvua ilikuja na ngurumo, na mabati yetu yakaimba mpaka sikuweza kusikia mawazo yangu. Nilikaa kitandani na laptop mapajani, nikaingia kwenye lile jukwaa la intaneti ambapo watu wa hiyo programu huulizana maswali. Nikaandika swali langu kwa Kiingereza nilicho nacho. Kabla hata sijajibiwa niliona kuna mtu mwingine, sijui wa nchi gani, aliyewahi kulia kilio hicho hicho: nyuso za buluu. Walikuwa wamemjibu kwamba kuna mahali kwenye mipangilio ambapo programu huiachia kadi ya picha ya kompyuta ifanye hesabu za rangi. Kadi mpya huweza. Kadi nzee kama yangu hujaribu, hujichanganya, na haisemi. Dawa yake ni kuzima hapo.

Nikazima. Programu ikajifunga yenyewe, nikaifungua tena, na dirisha la kutazamia likawa jeusi. Hakukuwa na buluu wala maruni. Hakukuwa na mtu. Sauti zilikuwa zinasikika, akina mama wakiimba gizani.

Nakumbuka nililia kidogo, halafu nikacheka kwa sababu wimbo wenyewe ulikuwa wa furaha. Mama aliingia akiwa amelowa, amebeba gunia la nguo, akanikuta hivyo. Akauliza kama ndiyo imekufa. Nikamwambia haijakufa, imefumba macho. Akanivulia leso yake kavu ya ndani akanifunika mabega, akaenda kuwasha jiko.

Nilirudi kwa wale watu wa intaneti. Sasa nilikuwa nimejibiwa. Mmoja wao aliniambia nitoke kabisa, na pale mahali pa kuandika neno la siri kabla ya kuingia, nitafute kitufe kidogo pembeni. Linux yangu, alisema, ina njia mbili za kuchora madirisha kwenye kioo, ya kisasa na ya zamani, na programu ile kwenye mashine nzee hupatana na ya zamani. Nilikuwa nimekiona hicho kitufe tangu siku ya kwanza na sikuwahi kukigusa, nikidhani ni cha mwenyewe aliyetengeneza kompyuta. Nikakibonyeza. Nikachagua njia ya zamani. Nikaingia, nikafungua kazi yangu, nikangoja.

Picha ikatokea. Nyuso za buluu, vitambaa vya buluu. Moyo wangu ukashuka hadi nikakumbuka: sasa dirisha lilikuwa linasema ukweli, na ukweli ni kwamba nilikuwa bado sijaitoa ile dawa yangu mwenyewe ya kugeuza rangi. Nikaifuta. Ni kubofya tu. Na akina mama wote wakarudi na maruni yao, kwa pamoja, kama wametoka kwenye kivuli.

Nilimwita mama. Alikuja na mwiko mkononi. Nikamwonyesha kipande cha mwisho, chake, na ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza na mimi. Nilikuwa nimekitazama mara nyingi sana, lakini macho yangu yalikuwa kwake tu, na watu wa pembeni walikuwa kama moshi. Sasa niliwaona wote. Aliyesimama mkabala na mama kwenye mstari, aliyepaswa kumfunga, alikuwa mama mweka hazina. Alikuwa na kitambaa mkononi. Mama anapiga magoti, anainamisha kichwa, anangoja. Mama mweka hazina anamtazama. Kisha anakiweka kile kitambaa juu ya kiti, anarudi nyuma hatua moja, na anakunja mikono.

Mama anabaki ameinamisha kichwa. Ni kitambo kirefu ukiwa unatazama. Halafu Mama Mwenyekiti anatoka mwisho kabisa wa mstari, anakuja, anakiokota, anamfunga.

Nikaelewa kwa nini, kwa mama mweka hazina, sehemu ya mwisho ilikuwa ndefu mno.

"Ulijua?" nikamuuliza mama.

"Nilikuwa nimepiga magoti hapo," akasema. "Ningekosa kujua?"

Tuliendelea kutazama. Mama anasimama, anaanza kupita mstari akisalimia, mmoja mmoja. Anafika kwa mama mweka hazina. Anamnyooshea mkono. Yule mwingine hakunjui mikono yake. Mama haondoki. Mkono uko pale, hewani, hautetemeki. Mwishowe mikono ile inakunjuka, na mama mweka hazina anampa vidole, na mama anaviweka katikati ya viganja vyake viwili kama mtu anayepasha moto kifaranga.

Nilikuwa nimejaa hasira na machozi, sijui kipi kilikuwa juu. Nikasema hii itaonyeshwa yote, na nitaisogeza karibu, uso wake ujaze televisheni, kanisa zima lione.

Mama akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Pale amekunja mikono, patoe," akasema. "Ni mtu mzima. Wajukuu wake watakuwa wamekaa pale."

"Nikitoa pale, mkono wako unakuwa salamu ya kawaida tu."

"Na iwe ya kawaida."

"Haikuwa ya kawaida, mama. Walitaka wakukate. Si mimi nitakayekukata."

Mwiko wake ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni. Nilidhani amekasirika. Aliniomba nirudishe kile kipande nyuma kidogo. Akatazama tena pale mkono wake unapokaa hewani. Akainamia kioo.

"Basi fanya vile unajua," akasema. "Lakini usimsogeze karibu."

Hapo nilimtii. Sikumsogeza karibu. Niliacha picha ilivyopigwa, kutoka mbali, watu wote wakionekana sawasawa. Laptop sasa ilikuwa inaenda kwa kusuasua, picha zikishikana kama mtu mwenye kigugumizi, kwa hivyo niliiambia itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi, nikakata na hizo, na mwisho ikatumia zile nzito zenyewe. Nilipomaliza niliitazama kwa programu ya sinema, kwenye simu yangu, na kwa televisheni ya yule jirani anayeogopa homa ya kompyuta. Kila mahali ilikuwa maruni. Jirani alisema amependa zile nyimbo.

Jumapili, baada ya ibada, televisheni ya Mama Mwenyekiti ililetwa kwa mkokoteni na kuwekwa juu ya meza mbele ya madhabahu. Wenye vitambaa walikaa viti vya mbele, mama akiwa miongoni mwao, mwisho wa safu, akiwa amenyooka kama aliyeambiwa asiguse ukuta. Mama mweka hazina alikuwa upande wa pili na wajukuu wake. Mimi nilisimama kando ya televisheni.

Rangi ilipotokea, Mama Mwenyekiti alinitazama akatingisha kichwa mara moja, kwa kukubali. Watu walijitafuta, wakacheka, wakaonyeshana vidole. Kisha ikafika sehemu ya mwisho, na kanisa likaanza kunyamaza kutoka mbele kwenda nyuma. Kitambaa kikawekwa juu ya kiti. Mikono ikakunjwa. Mtu alikohoa. Mama mweka hazina alifungua mkoba wake akawa anatafuta kitu ndani, na alikitafuta mpaka Mama Mwenyekiti wa kwenye televisheni alipofika na kumfunga mama. Alipoinua macho, mkono wa mama ulikuwa pale hewani, ukimngoja. Kanisa lote lilikuwa linamtazama, na yeye anautazama ule mkono. Na kwenye televisheni akautoa wake.

Bibi mmoja mzee sana wa viti vya mbele alisema "Eeh" peke yake, kwa sauti iliyofika nyuma.

Mimi nilikuwa namtazama mama. Hakuwa amemtazama mama mweka hazina hata kidogo. Alikuwa anajitazama, kinywa kikiwa wazi kidogo. Alimwinamia aliyekaa kando yake.

"Kumbe nilikuwa nimesimama wima hivyo," akasema.

Watu walipokuwa wanatoka nilibaki nikizungusha nyaya. Mama mweka hazina alikuja. Alikuja peke yake, wajukuu amewaacha mlangoni, na mimi nikajitayarisha kwa lolote.

"Wee msichana."

"Naam, mama."

"Rangi sasa iko sawa."

"Ndiyo, mama."

Akatazama televisheni iliyozimwa, kama bado kuna kitu ndani yake. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyeamua kuiacha yote. Nikamwambia ni mimi, si mama. Halafu, sijui huruma ilitoka wapi, labda ni ule mkoba alivyokuwa anaupekua, nikamwambia kwamba akitaka nakala ya wajukuu wake, hiyo moja naweza kumtolea pale mahali pa mikono. Ya kanisa nisingeigusa.

Alitazama viti vya mbele, ambapo mama alikuwa bado amekaa, akiwa amezungukwa na watu.

"Wacha," akasema, akinipa flashi yake. "Iwe vile ilikuwa."